Mgeni Asiyepewa Jembe: Uhakiki wa Simulizi za Kuishi na Familia Ugenini na Uzito Wake kwa Sera ya Kiswahili ya Kikanda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna ukaaji wa muda mrefu katika nyumba ya wenyeji unavyosimuliwa katika maandishi yanayohusu pwani ya Afrika Mashariki, hususan Rihla ya Ibn Battuta na riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayo sasa kama Peponi. Inadaiwa kwamba maandishi haya yanaonyesha jambo linalofumbiwa macho na programu za leo za kufunza Kiswahili kwa njia ya kuishi na familia: nafasi anayopewa mgeni ndani ya nyumba ndiyo inayoamua lugha atakayotoka nayo. Hoja hii inaelekezwa kwa watakaopanga kuwaweka walimu kutoka Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika nyumba za pwani.

Methali na shida ya leo

Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, imenukuliwa mara nyingi mno hata haisikiki tena. Mwaka 1962 Julius Nyerere aliitumia katika maandiko yake juu ya ujamaa ili kuonyesha kwamba katika jamii ya jadi hapakuwa na mtu wa kukaa bure akila jasho la wenzake. Tangu hapo imesomwa kama kanuni ya uchumi. Lipo pia lile shairi mashuhuri la siku za mgeni, linaloanza kwa vyakula vizuri na kuishia kwa mgeni kutimuliwa, ambalo watoto wa shule wamelikariri kwa vizazi kadhaa. Methali na shairi husomwa kama maadili ya ukarimu na mipaka yake. Ni nadra kusomwa kama kauli kuhusu lugha.

Hata hivyo, anayekabidhiwa jembe hakabidhiwi kazi peke yake. Pamoja na mpini hupewa majina ya magugu, amri fupi zisizo na tafadhali, karipio, utani, na ile namna ya kuulizana mambo bila kutazamana ambayo watu wanaofanya kazi pamoja huwa nayo. Mgeni aliyebaki kwenye mkeka wa siku ya kwanza hupata lugha nyingine kabisa: maamkizi, shukrani, majibu marefu kwa maswali mafupi. Lugha hiyo ni sahihi na ina adabu, lakini ni lugha ya ugeni.

Suala hili si la wanafasihi pekee. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017. Uganda ilikwisha kukiweka katika katiba kama lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikikubali kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Kila agizo la namna hii huzaa swali la walimu, na swali la walimu huzaa pendekezo la kuwapeleka wakaishi mahali lugha inapozungumzwa nyumbani. Pendekezo ni jema. Kinachokosekana ni uchunguzi wa nyumba yenyewe: nani yumo, nani anasema na nani, na mgeni anakaa wapi.

Sahani iliyofunikwa

Ushahidi wa zamani ulio wazi zaidi unatoka kwa Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Anasimulia kwamba jahazi lilipotia nanga, vijana walilijia kwa vyombo vidogo, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani hiyo na kutangaza kwamba huyu ndiye mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara hashuki ila kwenda katika nyumba ya kijana yule, isipokuwa awe amekwisha kuja mara nyingi na kuwajua watu wa mji. Mwenyeji humuuzia bidhaa zake na kumnunulia anachotaka. Mtu akinunua kutoka kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara hiyo huhesabiwa kuwa batili.

Wasomaji wengi wa kipande hiki hukipitia wakikitaja kuwa kielelezo cha ukarimu wa watu wa pwani. Usomaji huo ni finyu. Sahani ile ni mkataba. Mwenyeji anajitwika udhamini: mgeni akidhulumiwa, ni jina la nyumba lililodhulumiwa, mgeni akidhulumu, watu wanajua mlango wa kubisha. Kwa upande wake mwenyeji anapata faida ya kuwa mlango pekee wa mgeni kuingilia sokoni. Ukarimu upo, ila umesimama juu ya masharti yanayojulikana na pande zote, na mji mzima ni shahidi. Tena mkataba huu ulikuwa wa muda mrefu kwa nguvu ya maumbile. Aliyeletwa na kaskazi hakuweza kurudi mpaka kusi ivume. Hivyo ugeni wa miezi ulikuwa jambo la kawaida, na nyumba iliyompokea mfanyabiashara ilimjua akiwa mgonjwa, mwenye deni, na mwenye hasira.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwamo katika mkataba huo. Ilipojulikana kwamba yeye si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni, alichukuliwa na kadhi, akapelekwa kwa sultani, akapewa malazi katika nyumba ya wanafunzi. Hapo akaletewa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Maziwa ya mgando pamoja na ndimu, pilipili na tangawizi mbichi vilivyotiwa achari, na maembe. Orodha hii ni hazina kwa mwanahistoria wa chakula. Hakuna hata neno moja juu ya mikono iliyopika.

Kuhusu lugha, msafiri huyu anatupa dondoo moja tu lenye uzito: kwamba sultani alizungumza lugha ya Mogadishu na alijua Kiarabu. Yaani mgeni hakuhitaji lugha ya wenyeji, kwa sababu tabaka lililompokea lilikuwa na lugha yake yeye. Mfanyabiashara aliyelala katika nyumba ya kijana wa sahani alikuwa na kila sababu ya kujifunza lugha ya nyumba; riziki yake ilipita humo. Lakini mfanyabiashara hakuandika. Aliyeandika ni yule aliyehifadhiwa na heshima yake asikutane na lugha hiyo. Kejeli hii inajirudia katika karibu simulizi zote za ugeni wa pwani zilizotufikia kutoka nje: aliyekaa pembeni ndiye mwenye kalamu, na aliyezama kimya.

Jina la ujamaa na deni lililo chini yake

Kwa usomaji wa ndani ya nyumba inafaa kuigeukia fasihi ya kubuni. Paradise ya Gurnah ilitoka mwaka 1994. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilitoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Ni riwaya ya safari na ya utumwa unaokufa taratibu, na ndivyo wahakiki wengi walivyoishughulikia. Inaweza pia kusomwa kama riwaya kamili zaidi tuliyonayo kuhusu kijana anayelelewa katika nyumba za watu.

Yusuf ana miaka kumi na miwili anapochukuliwa na Aziz, tajiri ambaye amezoeshwa kumwita kwa jina la ndugu wa wazazi wake. Anafikishwa pwani, analala barazani nje ya duka, na ni Khalil, kijana aliyemtangulia, anayemfungua macho: yule bwana si nduguye, na inampasa kumwita Seyyid. Baba yake Yusuf ana deni, naye ni rehani. Katika mazungumzo hayo ya watoto wawili riwaya inafanya kazi ambayo kurasa nyingi za nadharia ya istilahi za ujamaa hazijaifanya. Jina la ujamaa linaweza kuwa ukweli, linaweza kuwa heshima, na linaweza kuwa kitambaa kilichotandazwa juu ya hesabu ya fedha. Mtoto hana namna ya kutofautisha mpaka mtu amwambie.

La kuangaliwa zaidi ni ramani ya nyumba. Yusuf anaishi kwa Aziz kwa muda mrefu bila kuingia ndani. Duka na baraza ni vyake. Bustani iliyozungushiwa ukuta anaingia kwa hisani ya kumsaidia mzee anayeitunza. Vyumba vya ndani vina wanawake ambao kwanza ni uvumi tu. Anapofika kuitwa ndani, maneno ya bibi wa nyumba hayamfikii moja kwa moja bali kupitia mkalimani. Lugha anayoijua vizuri ni ya dukani, na mwalimu wake ni Khalil, ambaye mwenyewe anazungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kiarabu na sarufi ya kujitungia. Wateja wanamcheka, naye anaendelea kuuza. Ni vigumu kupata katika fasihi yetu mfano bora wa mtu aliyepewa jembe: hana ufasaha wa kitabu, lakini hakuna mnunuzi anayeweza kumpiga chenga kwa maneno.

Kisha Yusuf anaachwa bara, katika mji wa mlimani, kwa Hamid na mkewe Maimuna. Hapo mambo ni tofauti. Anakula nao, anafanya kazi nao, anaingia katika mizaha na manung'uniko ya nyumba, na hapo ndipo inapogundulika kwamba hawezi kusoma Kurani. Wenyeji wake wanaingiwa na aibu na kumpeleka chuoni. Upungufu huo haukuonekana kwa Aziz kwa sababu hakuna aliyekuwa karibu naye kiasi cha kuuona. Nyumba inayomjua mgeni ndiyo inayoona asichokijua. Hili ndilo ambalo mtu yeyote anayepanga mafunzo ya lugha kwa njia ya familia angepaswa kulitazama kabla ya kutazama vitanda na vyandarua.

Barua za Emily Ruete zinastahili kutajwa kwa ufupi, kwa kuwa zinageuza mwelekeo wa macho. Binti huyu wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa kwa jina la Salme, alifika Hamburg mwaka 1867 akiwa ameolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akafiwa na mumewe mwaka 1870. Mbali na kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, aliacha barua zilizoandikwa kana kwamba anamweleza rafiki wa nyumbani Zanzibar maisha ya Ulaya, nazo zikachapishwa muda mrefu baada ya kifo chake. Humo nyumba ya Kizungu ndiyo yenye desturi za kushangaza zinazohitaji kufafanuliwa. Lakini barua hizo za kwenda nyumbani ziliandikwa kwa Kijerumani. Aliyepewa jembe la Hamburg mpaka mwisho hakuwa tena na lugha ya kumwandikia rafiki yake, au hakuwa na rafiki wa kuisoma, maandishi hayaamui.

Mteja hapewi jembe

Tukirudi katika wakati wetu, kuishi na familia kumekuwa sehemu ya kawaida ya kufunza Kiswahili kwa wageni. Zanzibar ilianzisha Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI, mwaka 1979, ambayo baadaye iliingia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Usa River karibu na Arusha kuna kituo kilichoanzishwa na Wadenishi ambacho kimefunza Kiswahili kwa miongo mingi. Wanaojitolea wa Peace Corps huishi na familia za Kitanzania wakati wa mafunzo yao ya awali. Kutokana na mipango ya namna hii kumezuka utanzu mzima wa maandishi: ripoti, shajara, insha za wanafunzi waliorejea makwao.

Utanzu huu una kanuni zake, na kanuni hizo zinachosha. Kuna mama, ambaye kwa kawaida hana jina. Anapika. Kuna somo la kula kwa mkono, kuna chapati ya kwanza iliyotoka na umbo la ramani, kuna kicheko cha watoto, kuna siku ya kuagana yenye machozi. Mama anasema maneno machache, na karibu yote ni ya kukaribisha. Ni sahani ya Ibn Battuta bila udhamini wake: chakula kimeandikwa, mpishi hakuandikwa, na masharti ya mapatano hayatajwi kabisa.

Masharti yapo. Mara nyingi familia hulipwa kwa kila siku ya mgeni, na fedha hupitia kwa chuo au mratibu. Hakuna ubaya katika malipo. Mwenyeji wa Mogadishu naye alipata chake. Ubaya ni pale malipo yanapomgeuza mgeni kuwa mteja huku msamiati wa nyumba ukiendelea kumwita mwanangu. Mteja hakaripiwi, na akikosea kusema hasahihishwi mbele ya watu. Anapoomba chai kwa muundo wa Kiingereza, akiuliza kama anaweza kupata chai, mama anamletea chai. Maana imefika na siku imepita. Mtoto wa nyumba akisema hivyo angeulizwa amekuwa nani.

Mifano ya kile kinachopotea ni midogo lakini inauma. Mtu akikaribishwa chakula ambacho hataki, nyumba nyingi za pwani na bara humtarajia aseme starehe, au nimeshiba; hapana tupu ni kama kofi. Akiulizwa kama ameoa, jibu ni bado, hata kama ana miaka sitini. Akiombwa jambo asiloweza, husema inshallah kwa sauti ambayo kila aliyekulia humo anaijua kuwa ni kukataa. Vitabu vinaweza kuyaorodhesha maneno haya, lakini sauti haiorodheshwi. Hupatikana kwa kukosea na kuona uso wa mtu ukibadilika, na mwenyeji anayelipwa ana kila sababu ya kuuzuia uso wake usibadilike.

Mgeni wa jirani

Haya yote yanachukua sura nyingine mgeni anapotoka Kampala, Kigali, Gitega au Bukavu. Watunga sera wakichukua mpango uliobuniwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Ulaya au Marekani na kubadilisha jina la nchi katika fomu, watakosea mara mbili.

Kwanza, mgeni huyu hupewa jembe mapema mno. Mwalimu wa kike kutoka Uganda atakayewekwa katika familia ya Unguja hataachwa mkekani. Ataonekana kama mtoto wa watu, na ikifika jioni atakuna nazi, atachambua mchele, atabeba mtoto wa mwenziwe. Kwa lugha hiyo ni neema. Atasikia uani Kiswahili ambacho hakuna mhadhiri atakayempa. Kwa masomo yake inaweza kuwa hasara, kwani atafungua daftari saa nne usiku. Mwalimu wa kiume atapewa baraza: siasa, bao, kahawa, na usiku wa kusoma. Watarudi na lugha mbili tofauti na mizigo miwili tofauti, kisha watapimwa kwa mtihani mmoja. Mpango usiosema lolote juu ya saa za kazi za nyumbani umekwisha kuamua kwa niaba ya mwanamke.

Pili, wapo wageni wanaokuja na Kiswahili chao. Mwalimu aliyezaliwa Bukavu au Lubumbashi hakukikuta Kiswahili darasani, alikinyonya. Anaposema batoto mahali ambapo mwenyeji wake husema watoto, hajakosea njia ya kuelekea Kiswahili sanifu. Anazungumza lugha ya mamilioni ya watu. Nyumba itamcheka, na kicheko cha nyumba si dhambi. Dhambi ni cheti kitakachoandika kwamba alikuja hajui. Inafaa kukumbuka kwamba Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kwamba hata Unguja kwenyewe mgeni akiwekwa Makunduchi au kisiwani Tumbatu atasikia nyumbani lahaja ambayo mwalimu wake wa asubuhi haitumii. Waratibu hulijua hili na kwa kawaida hulinyamazia, wakipendelea familia za mjini. Ingekuwa uaminifu zaidi kumweleza mgeni tangu mwanzo kwamba anakwenda katika nyumba yenye lahaja, na kumpa kazi ya kuiandika.

Kwa Mganda kuna mzigo wa ziada. Kiswahili kwake kimebeba kwa muda mrefu kumbukumbu ya kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikukisaidia kupendwa. Kwa mtu kama huyo, kusikia lugha hii ikitumika kumbembeleza mtoto alale au kusutana kwa upole juu ya chumvi iliyozidi kunaweza kuwa na thamani kuliko muhula mzima wa fonolojia. Hoja ya kuishi na familia ina nguvu zaidi hapa kuliko mahali pengine popote, na ndiyo sababu haifai kuachiwa bahati.

Kinachohitajika kiko karibu zaidi na desturi ya Mogadishu kuliko na biashara ya utalii. Mapatano yawe kati ya pande tatu, na mwenyeji ayajue kwa maneno yake: mgeni atafanya kazi gani za nyumba na kwa saa ngapi, nani atamsahihisha na kwa ruhusa ya nani. Malipo yamfikie mkononi yule anayefanya kazi ya kumpokea, ambaye katika nyumba nyingi si yule anayetia saini. Ukaaji usiwe wa wiki tatu za likizo. Uchukue angalau mwezi wa Ramadhani na miezi ya kawaida, ili mgeni aikute nyumba katika sura zaidi ya moja. Na tathmini isiulize tu kama mgeni aliridhika na chakula na usalama. Mama wa nyumba aulizwe ni jambo gani mgeni wake hakulielewa mpaka siku ya mwisho, ni neno gani alilikwepa, ni lini alianza kutania na ni lini alianza kutaniwa. Pale ambapo hapendi kuandika, majibu yake yachukuliwe kwa mdomo kwa Kiswahili chake bila kusanifishwa, na nakala ibaki nyumbani kwake.